MPIGA KURA AFANYE MTIHANI? MIMI NIMEHAMA UPANDE

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mjadala: "Mpiga kura afanye mtihani wa siasa kabla ya kuruhusiwa kuchagua." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa kuunga mkono, na nilinguruma kwelikweli. Nikasema asiyejua kazi ya seneta hafai kumchagua seneta. Makofi yakavuma! Kisha mpinzani mmoja akaniuliza, "Haya basi, seneta hufanya kazi gani?" Nikababaika. Bahati nzuri kengele ikalia, tukaahirisha mpaka wiki iliyofuata.

Jioni nilimsimulia nyanya yangu, ambaye huuza kabichi sokoni hapa Chaka. Yeye hakusoma. Mwaka wa 2022 alipewa karatasi 6 za kura na mama akamsaidia kutia alama. Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Baba yangu pia walimpima," akasema.

Nikafungua vitabu vya historia. Kumbe ni kweli! Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, viti 8 tu nchi nzima. Ilibidi mtu awe na masomo, au mapato au mali ya kiwango fulani, au awe ameitumikia serikali. Aliyekusanya sifa nyingi aliweza kupata hadi kura 3, na jirani yake asipate hata moja. Huku Mkoa wa Kati mambo yalizidi. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji pia cheti cha kuonyesha kwamba ni mwaminifu kwa serikali, maana ilikuwa Hali ya Hatari. Baba yake nyanya hakupewa cheti. Si ati hakujua siasa. Alizijua mno, na ndiyo sababu wakamnyima.

Sasa hebu niambie, huo mtihani wetu atautunga nani? Si ni wale wale walioko madarakani? Wakitaka watu wa mahali fulani wafeli, swali la kuwaangusha halitakosekana.

Sikatai kwamba wengi hudanganywa wakati wa kampeni. Lakini hata wenye digrii nimewaona wakipokea mia mbili. Nyanya hajui kifungu hata kimoja cha Katiba, ila barabara ikiharibika, kabichi zake ndizo huoza. Katiba yenyewe ya 2010, kifungu cha 83, yataka mpiga kura awe raia, mtu mzima, mwenye akili timamu, na asiwe amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyotangulia. Shule haikutajwa. Wanaoona watu hawajui, waje sokoni wawafundishe, kwa Kikuyu ikibidi.

Wiki iliyofuata, wakati wa kupiga kura, nilisimama upande wa wapinzani. Msemaji mwenzangu hajanisamehe mpaka leo. Kazi ya seneta nimeshaisoma, iko kifungu cha 96, akitaka nitamweleza.