Muze ni ya watoto wote, hata yule anayeziba masikio

Wandugu wa Bukavu,

Mwisho wa mwaka wa masomo, walimu wanapeleka watoto matembezi. Wengine wanafika Lwiro, kule Kabare, kuona sokwe na kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1947. Wengine wanaletwa Musée du Kivu ya mapadri Wasaveri, hapa hapa mjini. Darasa nzima inaingia kwa mara moja, mwalimu anapiga makofi, kila mtu anasukuma ili aone. Na kuna mtoto mmoja anayebaki mlangoni, ameziba masikio.

Huyo mtoto tunamujua. Mama yake ni jirani yetu Kadutu. Alitwambia: "Nilimupeleka fasi moja ya kutembelea. Grupu ikawashwa karibu na mlango, mtoto akaanguka chini analia. Mwenye kutuongoza akasema: Mama, huyu hana malezi, mumutoshe inje." Tangu siku ile hakumupeleka tena fasi yoyote. Jina ya fasi hatutaji, juu ingeweza kuwa yoyote.

Mtoto yule hakosi malezi. Kelele ya grupu inamuingia kama vile imewashwa ndani ya kichwa chake. Taa yenye kuchezacheza inamuumiza macho. Wengi wa watoto hawa wana usonji, ile tunaita otizimu; wengine hapana. Na kwetu shida haiishii kwa aibu. Mtoto wa namna hii wanaweza kumuita mchawi, ingawa sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inaazibu mwenye kumushitaki mtoto uchawi. Kumuficha nyumbani njo kunakuza maneno hayo.

Tunajua mutasema: vita iko, nyinyi munaleta mambo ya muze? Ndiyo, tunaleta. Mwezi wa pili 2025 watoto wa mji huu walisikia risasi. Kuna wale wanaoruka mpaka leo mlango ukifungwa kwa nguvu. Fasi yenye utulivu, yenye kitu kizuri cha kuangalia, kwao si anasa.

Tunaomba kitu kidogo. Asubuhi moja kila mwezi, mlango ufunguliwe saa moja mbele ya wengine, watu wawe wachache, grupu izimwe, kiti kiwekwe kwenye kona. Na karatasi moja ya picha: mlango ni huu, ngazi ni hii, papa atakayekupokea ni huyu, choo iko huku. Mzazi amuonyeshe mtoto siku mbili mbele, ili asikute mambo kwa gafula. London, Science Museum inafungua mapema kwa familia hizi, asubuhi hizo wanaziita Early Birds. Smithsonian ya Marekani inafanya vile vile, na karatasi za namna hii inazitayarisha. Wao wana pesa nyingi, ni kweli. Lakini angalia vizuri: kinachomusaidia mtoto pale ni saa na ukimya tu.

Halafu kuna mikono. Vitu vya Bwami, vya Balega wa Mwenga na Shabunda, havikutengenezwa kwa kukaa nyuma ya kioo. Wakubwa walivishika, walivipaka mafuta, na kwa kitu kimoja walifundisha mezali nzima. Leo tunamwambia mtoto: usiguse! Vya zamani tuvilinde, hatukatai. Lakini wachongaji tuko nao. Wachonge mifano ya mti, ile mtoto anaweza kugeuza mkononi. Asiyeweza kuvumilia maelezo ya nusu saa, mkono wake utamweleza.

Sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022, namba 22/003, inalinda haki za watu wenye ulemavu, na Katiba, kifungo cha 49, inawaahidi ulinzi maalum. Hatuzitaji kwa kutisha mapadri ao watu wa Lwiro, waliotunza vitu hivi wakati wengine waliviuza. Tunazitaja kwa wakubwa wa utamaduni na wa masomo, wanaongojea kila mara mfazili aje.

Mwenye simu ya kamera nzuri, mwenye kujua kuchonga, mzazi mwenye mtoto kama huyu: mutuandikie. Muze ikikubali, picha za mlango na ngazi tunazipiga siku moja tu.