Kuchungulia amiba si anasa

Ndugu mwandishi, umesema utafiti wa bakteria wanaoishi ndani ya amiba ni anasa ya Ulaya, na kwamba masomo ya tiba kwa simu hayaufai mji wetu wa Oicha, mashariki mwa Kongo. Eti tunahitaji dawa tu. Nakataa.

Hapa hapa Oicha, kuanzia miaka ya 1930, mmisionari Dkt. Carl Becker alitibu maelfu ya wenye ukoma. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na daktari Mnorwe Hansen mwaka 1873, hadi leo hakubali kuoteshwa kwenye sahani ya maabara. Lakini mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba ndani ya amiba, kiumbe cha seli moja, anaweza kubaki hai kwa miezi. Dawa humponya mgonjwa. Haituambii kidudu hujificha wapi.

Na barabara ya Beni–Oicha, kilomita kama 30, ikifungwa na risasi, mwanafunzi wa uuguzi asome wapi? Somo alilopakua kwenye simu usiku, mtandao ulipotulia, analo mkononi. Halichukui nafasi ya kitanda cha mgonjwa, nakubali, lakini humfikisha kitandani hapo akiwa tayari.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Amiba huyaficha, tusimsaidie.