Mashine mpya ya mionzi imefika. Nani ataipima?

Nchi inapopata mashine mpya ya tiba ya mionzi, taarifa ya habari hutuonyesha mashine na bei yake. Ni habari njema. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) lilizindua mpango wa Rays of Hope, ili nchi zenye uhaba wa huduma hii, hasa za Afrika, zipate vifaa na wataalamu. Kwetu Tanzania saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na ikigundulika imechelewa kiasi kwamba upasuaji hautoshi, mionzi ndiyo tegemeo.

Lakini mashine peke yake haitibu. Daktari bingwa huamua mgonjwa apewe mionzi kiasi gani na sehemu ipi. Anayehakikisha kwamba kiasi hicho ndicho kinachotoka, na kwamba kibofu na njia ya haja kubwa vinakingwa kadiri inavyowezekana, ni mwanafizikia tiba. Wagonjwa wengi hawamjui hata kwa sura.

Chukua mashine ya kobalti-60. Nguvu ya chanzo chake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache. Mgonjwa aliyehitaji dakika mbili chanzo kikiwa kipya, atahitaji kama dakika nne muda huo ukipita. Asipokuwepo wa kukokotoa, mama atahudhuria wiki zote, mbali na watoto wake, na bado atapata dozi isiyotosha kuua saratani. Siku hiyo hakuna atakayegundua.

(Swali ninaloulizwa sana: baada ya mionzi ya mashine ya nje, mama anaweza kumbeba mtoto? Ndiyo. Mionzi hiyo haibaki mwilini.)

Mashine hununuliwa kwa mkataba mmoja. Mtu wa kuipima huchukua miaka. Ndiyo maana nasema habari ya mashine ni nusu ya habari, na nusu ya pili pengine imekaa nyumbani kwako: binti aliyemaliza shahada ya fizikia, anayeambiwa na kila mtu kwamba kazi yake ni kufundisha sekondari. Ualimu ni kazi ya heshima, ila si mlango pekee.

Njia yenyewe ni ndefu. Baada ya shahada ya kwanza huja uzamili wa fizikia ya tiba. Kituo cha Abdus Salam (ICTP) kilichopo Trieste, Italia, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Trieste, huendesha uzamili wa miaka miwili uliolenga vijana wa nchi zinazoendelea: mwaka wa kwanza darasani, wa pili hospitalini. Hata baada ya hapo, anahitaji mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi kabla ya kuachiwa mgonjwa. Anayetaka utafiti huendelea na uzamivu.

Na utafiti hauanzi lazima na maabara ya gharama. Mwili wa mtoto unaokua hudhurika na mionzi kwa urahisi zaidi kuliko wa mtu mzima, lakini kipimo cha CT kikifanywa kwa mpangilio wa mtu mzima, mtoto hupewa mionzi asiyoihitaji. Kukusanya kumbukumbu za dozi kutoka hospitali chache na kuzilinganisha ni utafiti kamili, na majibu yake hutumika wiki hiyohiyo.

Kwa wasichana, IAEA ilianzisha mwaka 2020 ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, unaosaidia wanawake wanaosoma uzamili katika fani za nyuklia. Binti aliye bado kidato cha nne ajue kwamba shahada ya fizikia hudai hisabati, kwa hiyo PCM humfaa kuliko PCB. Aliyekwisha kuhitimu aandike barua Ocean Road jijini Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, aombe kukaa siku chache na wanafizikia wa hapo kabla hajajaza fomu yoyote ya chuo.