Kompyuta Ije, Lakini Isije Katikati ya Msimu



Katika mkutano wetu uliopita tulionyeshwa picha ukutani. Bwana mmoja kutoka Dar es Salaam alituletea khabari za programu ya kompyuta ambayo, kwa maneno yake, itakusanya kazi zote za Jumuiya mahali pamoja: daftari la wanachama, mikopo ya kuchumia, magunia, majamvi, mizani, mishahara ya makarani na hesabu za mwisho wa mwaka. Wenye kazi hiyo huziita programu hizo kwa herufi tatu, ERP. Wengi wetu tulipiga makofi, nami nilipiga, maana picha zilikuwa nzuri. Walakini niliporudi nyumbani nilikumbuka mambo niliyoyaona Sikonge, nikaona si vyema kunyamaza.

Mtasema, karafuu na Sikonge wapi na wapi? Mke wa mwanangu ni mtu wa huko, na nilikwenda kwa ajili ya arusi ya ndugu yake. Sikonge iko kusini ya Tabora, kiasi cha kilomita 70, katika nchi ambayo wazee wetu wa visiwani waliijua kwa jina la Unyamwezi. Misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo ilipita Tabora kabla ya kufika Ujiji, na baadaye Wanyamwezi wengi walivuka bahari kuja kufanya kazi katika mashamba yetu ya karafuu. Basi si wageni kwetu. Leo watu wa Sikonge wanalima tumbaku na kurina asali, na wanauza tumbaku yao kwa njia ya vyama vya msingi.

Nilipokuwa huko nilipelekwa katika ghala ya chama kimoja, nikamkuta karani, binti wa miaka kama 30, ameketi mbele ya kompyuta. Nikamwamkia kwa neno moja la Kinyamwezi nililofundishwa, Mwangaluka, akacheka, akaniambia, "Marahaba nisikupe, mzee wangu, shikamoo." Nikamwuliza chombo chake kinafanya nini. Akanionyesha kwa subira kubwa, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini chama cha tumbaku kinahitaji kitu kama hiki kuliko duka la mjini.

Mkulima wa tumbaku huanza msimu kwa kukopa. Hupewa mbolea, dawa na kamba kwa mkopo ambao chama ndicho kinachodaiwa, si yeye peke yake. Akishavuna hukausha majani katika bani, huyapanga kwa daraja, huyafunga mtumba, na mtumba ule hutiwa namba yake. Sokoni hupimwa na kupewa daraja, na madaraja ya tumbaku si matatu kama ya karafuu zetu bali ni makumi. Bei kwa miaka mingi imekuwa ikipangwa kwa dola, na mkulima anataka shilingi. Halafu huja makato: deni la mbolea, ushuru wa chama, riba ya benki. Kinachobaki ndicho chake. Hesabuni wenyewe ni mahali pangapi karani anaweza kukosea, au kukosea kwa makusudi, kati ya mfuko wa mbolea na fedha ya mwisho.

Na kosa halimwumizi aliyekosewa peke yake. Kwa kuwa chama ndicho kilichokopa, mkulima mmoja akiuza tumbaku yake kwa mlango wa nyuma, deni lake huwaangukia wenziwe waliouza kwa haki. Tuseme chama kina watu 200, na 30 kati yao hawakuleta mitumba yao ghalani. Wale 170 ndio watakaokatwa. Nimewasikia watu wazima wakisema haya kwa uchungu: mtu ameamka alfajiri mwaka mzima, ameleta mitumba yake yote, na siku ya malipo anaambiwa hana kitu kwa sababu ya mbolea ya jirani. Kwa hivyo daftari moja lenye kuonyesha nani alichukua nini na nani alirudisha nini si anasa kwao. Ni riziki.

Serikali ya Bara imeliona jambo hilo, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake uitwao MUVU, ambao vyama vya huko huutumia kwa maandikisho na kwa taarifa zao. Sisi ushirika wetu una mrajis wake huku Zanzibar, basi MUVU si yetu. Naitaja ili mjue kwamba wenzetu hawakungoja.

Sasa nisikilizeni khasa hapa. Juu ya meza ya yule binti, kando ya kompyuta, palikuwa na daftari kubwa la karatasi, limeandikwa kwa kalamu ya risasi. Nikamwuliza, "Mwanangu, kama chombo hiki kinafanya yote, hili la nini?" Akasema mwaka wa kwanza walipoanza, mbolea ya wanachama kadhaa iliingizwa mara mbili. Mtu aliyechukua mifuko 4 akaonekana amechukua 8. Kama si daftari la zamani, wale watu wangekatwa mara mbili, na hapana ambaye angeweza kubishana na karatasi iliyotoka katika mashine. Tangu hapo anaandika pote pawili. Anachoka, lakini alisema hawezi kuliacha daftari mpaka misimu miwili ipite bila kosa.

Maneno yale yamenikaa. Kwani katika nchi yenye mashine nyingi kuliko zetu jambo la namna hiyo liliwahi kufika mbali zaidi. Shirika la posta la Uingereza lilitia katika vituo vyake vidogo, tangu mwaka 1999, programu ya hesabu iitwayo Horizon. Programu ilikuwa na kasoro, ikaonyesha upungufu wa fedha usiokuwepo. Wakuu waliamini mashine kuliko watu wao. Zaidi ya wasimamizi 900 wa posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika wakilipa fedha ambazo hawakuzichukua. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza ilibidi litunge sheria ya kuzifuta hukumu hizo. Miaka 25! Wako waliokufa kabla ya kusikia kwamba wao si wezi.

Basi swali langu la kwanza kwa Kamati si bei ya programu. Ni hili: siku mashine itakaposema karani wa kituo cha Micheweni ana upungufu wa magunia 10, tutamwamini nani, na tutachunguza kwa kitabu gani?

Swali la pili ni la karafuu zenyewe. Programu hizi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya viwanda na maduka. Sukari kilo 100 ikiingia dukani, kilo 100 hutoka. Karafuu si sukari. Mchumaji tunamlipa kwa pishi ya karafuu mbichi. Tunazichambua, makonyo yanakwenda upande wake, karafuu zinaanikwa jamvini, na zikikauka uzito wake hubaki kama theluthi moja. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, nyingine zinakuwa mpeta. Ndipo zinapopimwa kwa kilo na kupelekwa kituoni ZSTC kwa daraja. Yule bwana wa Dar es Salaam nilimwuliza mkutanoni pishi itaandikwa wapi, akasema itageuzwa kuwa kilo. Pishi ni kipimo cha kujaza, bwana, na pishi ya mchumaji mmoja haina kilo sawa na ya mwenziwe. Tukitia mambo haya katika programu ya duka, kila jioni itatuambia theluthi mbili ya mali yetu imeibiwa. Makarani wataanza kuandika takwimu za uwongo ili mashine inyamaze, na siku karafuu zitakapoibiwa kweli hapana atakayejua.

Msidhani ni dogo. Kampuni kubwa ya maduka ya Ujerumani, Lidl, ilihangaika miaka 7 na programu ya SAP, ikaiacha mwaka 2018 baada ya kutumia, kwa khabari zilizotolewa, kiasi cha yuro milioni 500. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba Lidl walizoea kuhesabu bidhaa zao kwa bei ya kununulia, na programu ilihesabu kwa bei ya kuuzia. Hawakukubali kubadili desturi yao, wakataka programu ibadilishwe, na kila palipobadilishwa palizaa tatizo jingine. Sisi hatuna hata hizo yuro elfu za kupoteza. Kwa hivyo lazima tukae kwanza, na karatasi na kalamu, tuandike kazi yetu inavyokwenda tangu pishi ya kwanza mpaka stakabadhi ya mwisho, na tuamue desturi zipi tutaziacha na zipi haziachiki. Kukodisha majamvi kwa kukumbuka kichwani tunaweza kuacha, tena tungeacha zamani. Pishi haiachiki.

Serikali yenyewe ya Muungano ilitumia programu ya kigeni ya Epicor kwa malipo yake kwa miaka mingi, kisha wataalamu wake wakajenga ya kwao, MUSE, kwa namna kazi ya serikali inavyokwenda. Sisemi Jumuiya ijenge yake, hatuna mafundi. Nasema hata mwenye nguvu aliona heri kiatu kikatwe kwa mguu.

Sasa nije katika jambo lililonifanya nichague kichwa cha maneno haya. Katika picha za yule bwana palikuwa na tarehe: kazi ianze mwezi wa saba. Mwezi wa saba! Wakati miti inaiva na kila mwenye mikono yuko juu ya mkarafuu. Nilidhani nimesoma vibaya.

Mwaka 1999 kampuni ya Hershey ya Marekani, watengenezaji wa chakleti, walikuwa na mpango wa kutia mifumo yao mipya kwa muda wa miezi 48. Wakuu wakaubana ukawa miezi 30. Wakaiwasha yote pamoja mwezi wa Julai, kabla tu ya sikukuu yao ya Halloween, ambapo watoto wa Marekani hula peremende kuliko siku zote. Chakleti ilikuwa imejaa maghalani, maduka yalikuwa yanaitaka, na kampuni haikuweza kuifikisha, kwa sababu mashine haikujua nini kiko wapi. Maagizo ya karibu dola milioni 100 hayakutimizwa. Mali ipo, mnunuzi yupo, na katikati hapana njia.

Nasi twajua, kuliko wengine, mali kukwama njiani ni nini. Mwaka 1871 Dokta Livingstone alifika Ujiji amechoka na mgonjwa, akitumaini mali aliyotumiwa kutoka Unguja. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mali ile ameiuza yote. Barua kutoka Unguja mpaka Ujiji ilikuwa ikichukua miezi, basi aliyetuma hakuwa na njia ya kujua. Leo tuna simu mfukoni, na bado mwanachama wa Kojani hajui gunia lake limepimwa kilo ngapi mpaka akutane na karani. Ndiyo maana sipingi kompyuta. Nimeona Sikonge kazi inayoweza kufanya. Napinga kuianza siku ambayo hapana mtu mwenye nafasi ya kuitazama.

Rai yangu ni hii. Tuchague vituo viwili, kimoja Pemba na kimoja Unguja, tuanze navyo msimu ambao karafuu ni chache. Daftari la karatasi liendelee pamoja na mashine, na makarani walipwe ziada kwa kazi hiyo mara mbili, maana si haki kuwatwisha bure. Kila mwanachama apate ujumbe katika simu yake papo hapo mizani inaposimama, na asiyekuwa na simu apewe karatasi. Karani akisahihisha kosa, kosa la kwanza lisifutike, lionekane pamoja na jina la aliyelisahihisha na saa aliyosahihisha. Na katika mkataba iandikwe kwa maneno yasiyo na shaka kwamba daftari la wanachama ni mali ya Jumuiya, na tukiachana na muuzaji tutaondoka nalo lote. Bei aliyotutajia ni ya kuingilia tu. Ada ya kila mwaka na ya mafunzo haikuwa ukutani, naye atutajie.

Jambo moja zaidi. Kabla ya kutia saini, tumpe muuzaji stakabadhi zetu halisi za msimu uliopita, za kituo kimoja kizima, pamoja na pishi, mpeta, makonyo na mikopo iliyolipwa nusu. Azitie katika programu yake mbele yetu, siyo zile za mfano alizokuja nazo. Tuone jioni itatoka hesabu gani, na kama italingana na fedha tulizopokea.

Mimi zangu nimekwisha kuzitoa sandukuni. Ziko 17, moja imeliwa na mende pembeni lakini kilo zinasomeka. Nitakuja nazo katika mkutano ujao, na naomba kila atakayesoma haya aje na zake.