Arabuko-Sokoke Si Kichaka Kikavu

Asafiriye kutoka Kilifi kwenda Malindi wakati wa kiangazi huona, upande wa kushoto wa barabara, miti iliyopukutisha majani. Wengi husema, "Kichaka kile kimekufa." Kauli hiyo ina hatari yake. Msitu ukishaitwa kichaka, swali lifuatalo ni kwa nini usigawiwe maskwota.

Swali hilo halifai kubezwa, kwani wengi Kilifi wanalima ardhi wasiyo na hatimiliki. Hata hivyo, jibu lake haliko msituni. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, ndiyo masalio makubwa zaidi ya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Mti ambao wenyeji huuita mrihi hupukutisha majani ili kuhifadhi maji, kisha huchipua mengine mekundu mekundu. Hiyo ni hekima ya mti, si kifo. Katika vilele vya mirihi hutafuta wadudu mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana kokote duniani ila Kilifi. Tena, mirihi humea kwenye mchanga mweupe usio na rutuba. Atakayeifyeka apande mahindi hatakawia kubaki na mchanga mtupu.

Adui mwingine huja kimyakimya. Muhuhu umekatwa kwa ajili ya vinyago, mbambakofi kwa ajili ya milango, na mingineyo ikachomwa makaa. Askari wa misitu peke yao hawawezi kuzuia hayo iwapo jirani wa msitu analala njaa.

Ndiyo maana mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993, una funzo kubwa. Wanakijiji hufuga vipepeo wa msituni, na vifukofuko vyao huuzwa ng'ambo. Anayelipa karo kwa kipepeo ana sababu ya kuulinda mti anaokula kiwavi. Bila shaka si kila mlango umefikiwa na mapato hayo. Basi serikali na iongeze njia za namna hiyo, huku ikitatua suala la ardhi kwingineko.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Ni wanafunzi wangapi wa Kilifi wanaoweza kuutambua mrihi? Tuwapeleke msituni, wawaulize wazee majina ya miti na matumizi yake. Mwacha asili ni mtumwa. Mti usio na jina kinywani mwa kijana hukatwa bila yeye kujua alichopoteza.