Binti akikosa hedhi, tumsikilize kabla ya kumshuku

Msichana wa sekondari akisema amekosa hedhi, swali la kwanza analoulizwa ni kama ana mimba. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa katika shule za bweni. Hilo nimeliona likirudiwa muhula hadi muhula. Binti anapewa kikopo cha mkojo, kipimo kinaonyesha hana mimba, anaambiwa arudi darasani. Hakuna anayemuuliza mwezi uliopita ilikuwaje, wala ule wa nyuma yake. Wenzake wanaona, na wanajifunza kunyamaza.

Ukimya huo unaficha PCOS, tatizo la homoni ambalo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani humpata takriban mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 ya walio nalo duniani hawajagunduliwa. Wengi niliokutana nao walilijua baada ya ndoa, mawifi walipoanza kuhesabu miezi.

Namkumbuka mmoja wa kidato cha tatu, aliyefunga kifungo cha juu cha shati hata jua la saa saba likiwaka. Alikuja kutibiwa kidonda shingoni. Alipofungua kola nikaona ngozi nyeusi, nene kama mahameli, imechubuka kwa kusuguliwa na jiwe la miguu. Bwenini walikuwa wakimwambia haogi. Weusi ule si uchafu. Ni dalili kwamba mwili hauitikii insulini ipasavyo. Mwili hulazimika kuitengeneza zaidi, na insulini ikizidi huzichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, na mayai hayapevuki kwa wakati. Kidevuni alikuwa na vinyweleo vigumu alivyovinyoa kwa wembe kwa kificho, na hedhi zake za mwaka mzima hazikufika tano. Nyumbani walikuwa wameshamnunulia dawa ya kusafisha kizazi. Kizazi chake hakikuwa na uchafu wowote.

Kumgundua binti kama huyu hakuanzi na mashine. Wazazi wenye uwezo hukimbilia utrasaundi, binti akarudi na karatasi inayosema ana vivimbe kwenye ovari, nyumba nzima ikaingiwa na simanzi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unashauri picha hiyo isitumike kutambua PCOS kabla ya miaka 8 kupita tangu hedhi ya kwanza, kwa sababu ovari za kijana mwenye afya nazo huonyesha vifuko vingi. Vifuko hivyo si uvimbe wa kukatwa. Hubeba mayai ambayo hayajakomaa. Kwa kijana hutazamwa mambo mawili kwa pamoja: hedhi isiyo na mpangilio, na homoni za kiume kuzidi. Kisha daktari huhakikisha hakuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo, kama wa tezi ya shingo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu siku. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kuyumba ni kawaida. Miaka mitatu ikishapita, hedhi zikifuatana chini ya siku 21, zikipishana zaidi ya siku 35, au zikiwa chini ya 8 kwa mwaka, binti aonwe na daktari. Shangazi na somo humfundisha mwali usafi na adabu za siku zake. Wamfundishe na kuandika tarehe.

Wapo wanaosema tutawatia mabinti hofu. Hofu wanayo tayari, tena ya uongo kwamba wao ni wagumba. Wanawake wengi wenye PCOS huzaa, baadhi yao kwa msaada wa dawa za kupevusha mayai. Hatari iko katika kuliacha tatizo: kisukari, sonona, na ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuwa mnene hadi kuongeza uwezekano wa saratani. Lishe na mazoezi husaidia, na wengine huhitaji dawa ya metformini. Daktari akimwandikia binti vidonge vya uzazi wa mpango ili kupanga hedhi yake, mzazi asivione kuwa ruhusa ya uhuni. Ni tiba.

Serikali inaijua njia ya kuwafikia wasichana shuleni. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi imepita huko tangu 2018. Njia hiyo ipeleke pia elimu hii. Wizara za afya na elimu zimpe kila matroni mafunzo na kalenda, na kila muhula msichana aulizwe faraghani kuhusu tarehe zake, chunusi na vinyweleo, na ngozi ya shingo. Mwenye dalili apewe rufaa bila habari zake kufika paredi. Tabibu akihitaji kipimo cha mimba, kifanywe kwa siri, na majibu yakisema hana, hapo ndipo maswali mengine yaanze.