Unukuzi wa tiba nyumbani: Mwanhuzi isinunue soko la jana

Fedha za pamba zikishalipwa, mji wa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, huwa na pilikapilika zake. Mabati hununuliwa, mnada wa ng'ombe huchangamka, na wazazi wenye vijana waliomaliza shule au chuo bila kupata ajira huanza kufikiria mtaji wa kuwaanzishia. Miongoni mwa kazi zinazotangazwa kwa vijana kupitia simu zao ni ile ya kukaa nyumbani, kusikiliza sauti ya daktari wa Marekani na kuiandika kwa kompyuta kwa malipo ya dola.

Kazi hiyo ipo, na imewalisha watu wengi duniani. Lakini mwekezaji mdogo haulizi tu kama bidhaa ipo. Huuliza kama bei yake inapanda au inashuka, na faida inabaki kwa nani. Kwa vipimo hivyo viwili, unukuzi wa maelezo ya madaktari wa nje ni soko linaloshuka, na anayelipia leo kozi ya gharama kubwa ili aingie humo ananunua mzigo ambao wenzake wameshaanza kuutupa. Upo hata hivyo upande wa pili wa kazi hiyo hiyo, ulio karibu na nyumbani, ambao wafanyabiashara wa Simiyu hawajautazama vya kutosha.

Soko lilivyojengwa

Katika hospitali za Marekani ilikuwa desturi kwa daktari kutoandika mwenyewe maelezo ya mgonjwa. Aliyasema kwenye chombo cha kurekodia, na mtu mwingine akayaandika. Hapa nchini kazi ya namna hiyo si ngeni. Mhazili aliyefunzwa hatimkato na kupiga chapa katika Chuo cha Uhazili Tabora alikuwa akichukua imla ya bosi wake na kuirudisha ikiwa barua safi. Kilichozidi huko ni msamiati wa tiba, majina ya dawa na vipimo vyake, ambapo nukta moja ikikaa mahali pasipo pake dozi huwa mara kumi.

Malipo yalihesabiwa kwa mstari, na kipimo kilichozoeleka kilikuwa mstari wa herufi 65, nafasi zikiwemo. Gharama zilipopanda, kazi ikaanza kupelekwa ng'ambo. Kuanzia miaka ya 1990 India na Ufilipino zilijenga biashara kubwa kwa njia hiyo. Zilikuwa na wasomi wanaojua Kiingereza, mishahara ya chini, na tofauti ya saa. Daktari alirekodi jioni, mwandishi wa Asia akaandika wakati Marekani imelala, na asubuhi karatasi ikawa mezani.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na faida hiyo ya saa, kwani iko mbele ya New York kwa saa 8, au 7 katika majira yao ya kiangazi. Kiingereza nacho kilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kusafirishia mzigo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na ule wa EASSy ukaanza kazi 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti yalitegemea setelaiti kwa bei ambayo mnukuzi wa nyumbani asingeweza kuilipa. Barabara ilipofunguliwa, gulio lilikuwa limeanza kuvunjika.

Bei iliposhuka

Mwaka huo huo wa 2009 Serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuzilipa hospitali na madaktari ili wahamie kwenye kumbukumbu za kompyuta. Daktari akaanza kujaza mwenyewe sehemu kubwa ya maelezo yake kwenye fomu iliyo mbele yake. Wakati huo huo mashine za kutambua sauti zilizidi kuwa hodari, na mnukuzi akageuzwa msahihishaji wa maandishi ya mashine kwa malipo madogo zaidi kwa kila mstari.

Dalili za soko zilikuwa wazi kwa aliyezitazama. Machi 2014 kampuni ya M*Modal, iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa katika kazi hii, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Aprili 2021 Microsoft ilitangaza kuinunua Nuance, kampuni ya programu za kutambua sauti yenye wateja wengi hospitalini, kwa takriban dola bilioni 19.7, na ununuzi ukakamilika Machi 2022. Mtaji mkubwa ulikuwa unaweka fedha zake kwenye mashine. Mikono ya kuandika haikuwa tena hesabu yake.

Hata katika unukuzi wa kawaida usio wa tiba, bei haikusimama. Novemba 2019 kampuni ya Rev ya Marekani ilishusha kiwango chake cha chini kutoka senti 45 hadi senti 30 za dola kwa dakika ya sauti. Kwa kiwango hicho, saa nzima ya sauti ni dola 18. Anayejifunza hutumia saa 5 au 6 za kazi kuandika saa moja ya sauti, kwa hiyo kila saa ya jasho lake ni kama dola 3 na senti kidogo, kabla ya bando, umeme na makato ya kutumiwa fedha.

Wapo watakaosema kuwa dola 3 kwa saa si haba Mwanhuzi, na kwamba vijana wa Kenya wanafanya. Hoja hiyo ina uzito. Mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa Kenya mwaka 2016, uliingiza unukuzi katika mafunzo yake, na wapo waliopata riziki. Lakini bei ya dola 3 ni ya siku ambayo kazi ipo. Hakuna mkataba unaosema kesho itakuwepo, na anayeigawa anaweza kuifunga akaunti ya mwandishi bila kumpigia simu.

Mlolongo wa madalali

Mkulima wa pamba analifahamu jambo hili kuliko msomi yeyote. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa sh. 1,200 kwa kilo, lakini bei ya dunia ilipoanguka wanunuzi walisitasita, na wakulima wakakaa wakingoja malipo ya mzigo ambao ulikwisha kupimwa. Aliye mbali na mnunuzi wa mwisho ndiye hupokea taarifa za mwisho na fedha za mwisho.

Unukuzi wa tiba ulikuwa na kisa chake. Oktoba 2003 hospitali ya Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco ilipokea barua pepe kutoka kwa mwanamke wa Pakistan aliyetishia kuzianika kumbukumbu za wagonjwa kwenye intaneti asipolipwa fedha anazodai. Hospitali haikumjua. Iliipa kazi kampuni moja ya jirani, kampuni ikampa mtu wa Florida, naye akampa mtu wa Texas, na huyo ndiye aliyeipeleka Pakistan. Kila mkono ulichukua sehemu yake, na aliyeketi na kuandika akabaki na kipande kidogo ambacho nacho hakikufika kwa wakati.

Kitisho chake kilikuwa kosa kubwa. Lakini biashara ina somo lake hapo: mfanyakazi wa mwisho kwenye mlolongo hana mkataba na mwenye fedha, na mwenye siri hajui siri yake iko kwa nani. Kijana wa Meatu akiingia mlango huo, ataingilia mwisho wa foleni.

Mbaya zaidi ni wale wanaodai fedha kwanza. Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) imewaonya wananchi wa huko kwa miaka mingi kuhusu matangazo ya kazi za nyumbani zinazohusu kumbukumbu na madai ya hospitali, ambapo muuzaji hukusanya ada ya mafunzo na "orodha ya wateja", kisha kazi haionekani. Kanuni ya sokoni inatosha hapa: mwajiri humlipa mfanyakazi. Anayedai kulipwa ili atoe kazi anauza kozi, na bei ya kozi ipimwe kama kozi.

Soko lililo karibu

Hospitali za hapa nchini hazina desturi ya imla. Daktari au tabibu huandika mwenyewe kwenye faili, au kwenye mfumo wa kompyuta kama GoTHOMIS katika vituo vya Serikali. Kwa hiyo mnukuzi asitegemee mteja huyo.

Mteja aliyepo ni utafiti wa afya. Kanda ya Ziwa ni shamba kubwa la utafiti huo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo chake Mwanza, na humo humo jijini kuna Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi kilichopo Bugando. Ni kanda hiyo iliyotoa utafiti maarufu wa miaka ya mwanzo ya 1990 ulioonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Tafiti za namna hii hazikusanyi damu na mkojo peke yake. Zinakusanya pia maneno: mahojiano na mama wajawazito, wazee, waganga wa jadi, wahudumu wa zahanati. Sauti hizo lazima ziandikwe neno kwa neno, kisha mara nyingi zitafsiriwe kwa Kiingereza. Na vijijini mwa Meatu, Maswa au Itilima mhojiwa huanza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kisukuma.

Hapo ndipo kijana wa Mwanhuzi ana bidhaa ambayo Manila na Bangalore hawana. Mashine nayo bado ina mapungufu huko. Programu ya Whisper iliyotolewa na kampuni ya OpenAI Septemba 2022 inajua Kiswahili kwa kiasi, lakini Kisukuma hakimo katika orodha ya lugha zake. Tena, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta kuwa katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilivyopimwa, programu hiyo iliongeza maneno ambayo hayakusemwa na mtu. Katika habari za afya, sentensi ya kubuni ni hatari, na mtu wa kuhakiki bado ana nafasi.

Hesabu ya mtaji

Chukua mfano wa kuanza na sh. 1,000,000: kompyuta ya mkononi iliyotumika kwa sh. 900,000, na sh. 100,000 ya visikizi vizuri na kanyagio la kusimamisha sauti. Bando na umeme viwe sh. 40,000 kwa mwezi. Mteja alipe sh. 30,000 kwa saa moja ya sauti.

Akipata saa 8 za sauti kwa mwezi, mapato ni sh. 240,000, na baada ya gharama hubaki sh. 200,000. Mtaji unarudi kwa miezi 5. Akipata saa 3 tu, mapato ni sh. 90,000, hubaki sh. 50,000, na mtaji unarudi kwa miezi 20, wakati betri ya kompyuta imeshachoka. Kinachoamua faida, basi, ni wingi wa kazi kuliko kasi ya vidole. Utafiti huja kwa misimu kama pamba, na mwezi wa ukame lazima uhesabiwe.

Kwa sababu hiyo, si busara kuuza ng'ombe wa maziwa kununulia kompyuta ya mnukuzi mmoja. Ni bora mashine ifungwe kwenye biashara iliyopo: duka la kuchapa na kutoa nakala, ambalo barua, wasifu wa waombaji kazi na fomu za halmashauri hulilipia umeme wakati wa kungoja kazi ya utafiti. Vijana watano wakijisajili kama kikundi wanaweza pia kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Taasisi inayotaka saa 60 za sauti kwa wiki mbili haiwezi kumpa mtu mmoja, lakini kikundi inaweza kukipa.

Siri ni sehemu ya bidhaa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo katika kundi linalolindwa zaidi. Kumwandikia mgonjwa maneno yake kwenye kompyuta ya duka inayotumiwa na kila mpita njia, au kuhifadhi sauti kwenye simu inayoazimwa na ndugu, ni kosa na ni kupoteza mteja. Katika mji mdogo sauti ya mtu hutambulika. Mnukuzi anayeweza kuonyesha chumba chenye mlango, neno la siri kwenye mashine na utaratibu wa kufuta faili kazi ikiisha, ana hoja ya kudai bei nzuri.

Awe pia na namba ya mlipakodi na leseni. Taasisi hailipi kwa mdomo, hulipa kwa ankara, na hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Asiyeingiza makato hayo katika bei yake atajikuta anayalipa kutoka kwenye faida.

Ushauri kwa msimu huu ni kwamba fedha ya pamba isitangulie kazi. Kijana aanze na kompyuta ya kuazima, aandike dakika 30 za sauti ya Kisukuma na Kiswahili kama sampuli, kisha aipeleke Mwanza kwa wenye miradi na kuuliza bei. Akirudi na oda, mzazi afungue kibubu. Akirudi na maneno matupu, nauli ndiyo hasara pekee, na ng'ombe bado yuko zizini.